Kujitolea kujenga shule nje ya nchi: mwongozo kwa anayetaka kwenda Malawi

Naulizwa sana na vijana, hasa waliomaliza VETA na vyuo vya ujenzi, mtu akitaka kwenda kujitolea kujenga shule nchi nyingine anaanzia wapi, maana picha tulizozizoea ni za Wazungu wamekuja kwetu wameshika mwiko, sasa na sisi tunaweza kwenda kwa wenzetu? Tunaweza, na kwa maoni yangu tuna faida kuliko wengi wanaotoka mbali, kwa sababu ujenzi wa shule kwa nguvu za wananchi tumekulia humo humo. Nani Tanzania hajachangia boma la darasa? Nani hajabeba tofali au ndoo ya mchanga akiwa shule ya msingi? Mkenya naye ana harambee, Mnyarwanda ana umuganda wake wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hii kazi tunaijua, kilichobaki ni kuifanya vizuri ukiwa kwenye nchi ya watu.

Nitaongelea Malawi, hasa kaskazini upande wa Karonga, kwa sababu ni jirani kabisa, ukitoka Mbeya unashuka Kyela unavuka Kasumulu umeshafika kwao, na kwa sababu uhitaji upo kweli. Malawi walifuta ada ya shule ya msingi mwaka 1994, wakatutangulia sisi na Kenya pia, na watoto wakaruka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mkupuo mmoja. Walimu na madarasa havikuruka hivyo. Mpaka leo lengo lao ni watoto 60 kwa mwalimu mmoja na sehemu nyingi za vijijini hawajalifikia, unakuta darasa la kwanza lina watoto zaidi ya mia wamekaa chini ya mwembe, mvua ikianza kunyesha mwalimu anawaruhusu warudi nyumbani, ndo basi siku imeisha hivyo.

Kabla hujafikiria hata nauli

Jambo la kwanza ambalo watu wanalikimbia: tafuta nani ameomba hilo jengo. Sio nani atafurahi likijengwa, kila mtu atafurahi, namaanisha nani alikaa kikao akaamua kwamba shida yetu namba moja ni darasa. Inawezekana shida yao ni maji, au nyumba ya mwalimu, na wewe umeshachangisha hela za madarasa na umeshawaahidi wachangiaji wako madarasa, hapo wanakijiji watakubali tu, nani anakataa jengo la bure? Lakini umewapa kitu cha pili au cha tatu kwenye orodha yao.

Jambo la pili ni mwalimu. Hapa naomba unisikilize vizuri ndugu yangu, jengo bila mwalimu linageuka zizi la mbuzi, tumeyaona maboma ya hivyo kwetu wenyewe. Malawi shule za msingi za umma ziko chini ya wilaya, kuna ofisa wa elimu wa wilaya aliyekuwa akiitwa District Education Manager, wengi wanamwita DEM mpaka leo ingawa siku hizi cheo ni Director of Education, Youth and Sports, na chini yake kila kanda ina mshauri wa elimu ya msingi anaitwa PEA (Primary Education Advisor). Hao ndo wanajua shule ipi imesajiliwa, ipi inapelekewa walimu, na ramani ipi ya darasa inakubalika. Kama mradi unaoutaka hauna karatasi ya DEM inayosema tunaitambua shule hii na walimu watapangwa, usitoe hata shilingi. Mara nyingi kuongeza madarasa kwenye shule ambayo tayari ipo kuna faida kubwa kuliko kuanzisha shule mpya, maana walimu wapo, mwalimu mkuu yupo, kamati ipo, ni nafasi tu hakuna.

Jambo la tatu ni ardhi. Vijijini ardhi nyingi iko chini ya machifu, na chifu akisema kwa mdomo tu jengeni pale, baadaye akifariki anakuja mrithi au ndugu anadai shamba lake. Omba maandishi, chifu asaini, kamati ya shule isaini, nakala iende wilayani.

Kuna shirika la Kimarekani la buildOn ambalo limejenga shule nyingi Malawi na nawakubali kwa utaratibu wao mmoja: kabla ya kuchimba msingi wanakijiji wote wanakaa wanasaini mkataba, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, wanaahidi kutoa nguvu kazi na kupeleka watoto wa kike shule sawa na wa kiume. Hata kama unaenda na kikundi chenu kidogo cha kanisa au msikiti au chuo, igeni hilo. Watu wakishasaini mbele ya wenzao, siku ya kubeba maji wanatokea.

Njia za kwenda

Zipo njia za mashirika makubwa, UNV ya Umoja wa Mataifa inachukua watu wa fani nyingi wakiwemo wa ujenzi, VSO pia, na Umoja wa Afrika una mpango wake wa vijana wa kujitolea kwa wenye miaka 18 hadi 35. Huko unaomba kama unavyoomba kazi, unajaza maelezo, unasubiri, na huchagui kijiji. Hawakutozi hela ya fomu. Ukiona mtu anakwambia tuma elfu hamsini ya kushughulikia maombi yako ya UNV, huyo ni tapeli, achana naye.

Njia ya pili ni makanisa na taasisi za dini, na kwa huku mpakani ndo njia inayofanya kazi kuliko zote, maana dayosisi na madhehebu mengi yana watu pande zote mbili na wanajuana. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu, lugha zao zinasikilizana bila mkalimani, watu wameoana, wanazikana. Kama wewe ni mtu wa Kyela au Rungwe una mlango ambao mtu wa Ulaya hawezi kuupata hata akikaa mwaka mzima. Utumie.

Kampuni za watalii zinazouza safari za kujitolea, wiki mbili unajenga halafu unaenda kuona wanyama, mimi siwashauri watu wetu. Hela inayobaki kijijini ni kidogo na kazi mara nyingi inapangwa ili mgeni apate cha kufanya.

Unaenda kufanya nini hasa?

Kaa chini ujiulize kwa ukweli. Karonga kuna mafundi. Kuna watu wa kusukuma toroli, kuna saidia fundi wanaotafuta kibarua kila asubuhi. Kama huna fani yoyote na unaenda kubeba tofali, nauli yako, chakula chako na malazi yako vingeweza kununua simenti na kumlipa kijana wa pale pale kubeba hizo tofali, naye akapeleka unga nyumbani. Simaanishi usiende, namaanisha tafuta kitu ambacho ukikitoa kinabaki.

Fundi mzuri wa nondo na zege anahitajika. Mtu wa kupima na kusoma ramani pia, vijiji vingi wanajenga kwa kukisia. Fundi wa kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, anahitajika sana. Mhasibu anayeweza kukaa na kamati akawafundisha kuandika daftari la stoo na la fedha, huyo kwa maoni yangu ana thamani kuliko kumi wanaopiga lipu. Fundi umeme wa sola naye, na hata mwalimu anayeweza kukaa na walimu wenzake jioni. Kwa upande wa mafundi, nenda na wazo la kufanya kazi bega kwa bega na fundi wa kijiji, mpeni yeye usimamizi, wewe kuwa wa pili, ili ukiondoka ajenge darasa la tatu na la nne bila wewe. Na alipwe. Wanakijiji wanajitolea kwa zamu, ila fundi anayekuja kila siku kuanzia asubuhi mpaka jioni kwa miezi ana watoto wanaokula.

Karatasi na safari

Malawi haipo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kitambulisho cha taifa hakikuvushi, unahitaji pasipoti. Tupo nao SADC. Masharti ya viza yanabadilika kwa hiyo kabla ya safari uliza ubalozi wao, usitegemee alichokwambia aliyevuka mwaka juzi. Kikubwa zaidi, ukiingia kama mgeni wa matembezi halafu ukakutwa saiti umeshika mwiko, kwa sheria unaweza kuhesabiwa unafanya kazi bila kibali hata kama hulipwi. Taasisi inayokualika ndo iombe kibali cha muda Uhamiaji, waanze mapema. Barua ya mwaliko, barua ya DEM na cheti cha polisi cha tabia njema viwe kwenye bahasha moja. Hicho cheti cha polisi ni muhimu kwa sababu utakuwa karibu na watoto, na shirika lisilokuuliza chochote kuhusu historia yako kabla ya kukupeleka shuleni sio shirika la kuliamini.

Beba kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Dawa za malaria na neti ni lazima, kando ya ziwa mbu ni wale wale wa Kyela. Na kichocho kipo, usiende kuoga ziwani kwenye maji yaliyotulia yenye matete hata kama joto la Karonga limekuzidi.

Saa: Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja, na wenyewe wanahesabu saa kwa mtindo wa Kiingereza, hivyo mkikubaliana saa saba asubuhi kikao, kwa saa ya Tanzania hiyo ni saa mbili asubuhi. Waandikie mafundi wenu wote hili mapema maana wiki ya kwanza linavuruga kila kitu.

Vyakula havitakusumbua, nsima ni ugali, usipa ni dagaa. Usibebe magunia ya mahindi au mchele kwa ajili ya kambi yenu, kumekuwa na marufuku za mazao kwenda na kurudi kati ya nchi hizi mbili, mtakaa mpakani bure. Nunueni huko huko, muuzaji wa kijijini afaidike.

Kalenda na hela

Msimu wa ujenzi ni kiangazi, Mei mpaka Oktoba. Kuanzia Novemba mvua inaanza, barabara za ndani zinakuwa tope, lori la kokoto halifiki. Mwaka wao wa masomo unaanza Septemba, sio Januari kama kwetu, kwa hiyo mpango mzuri ni msingi Mei, kuta Juni, mkanda (zege linalozunguka juu ya kuta zote) na paa Julai, halafu mnamalizia wakati watoto wako likizo. Kazi ya kufyatua na kuchoma tofali inatakiwa ianze mwaka uliotangulia au mapema mara tu mvua ikiisha, hiyo ni kazi ya wanakijiji wenyewe kabla nyie hamjafika, na ndo kipimo kizuri cha kujua kama wako tayari. Mkifika hamjakuta hata tofali moja, kaeni kikao kwanza.

Kwenye bajeti, kupata picha tu, mwaka 2021 serikali yetu ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19 kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Malawi bei ni zao na zinacheza sana. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, mtu aliyekuwa na bajeti ya simenti kwa kwacha aliamka akakuta hesabu zote zimeharibika. Kwa hiyo hela yenu msiibadilishe yote siku ya kwanza, badilisheni kwa awamu, na vifaa vya dukani kama nondo na bati nunueni mapema mkishapata hela. Simenti usinunue mapema mno, mfuko ukikaa stoo zaidi ya miezi mitatu unaanza kuganda, na stoo yenyewe iwe na mbao chini, mifuko isigusane na sakafu wala ukuta. Weka pia akiba ya mafuta ya gari, kule uhaba wa mafuta ukitokea mnaweza kusimama siku kadhaa mnasubiri kokoto.

Ankara zote zibandikwe kwenye ubao wa shule. Mchango uliotoka wapi, simenti mifuko mingapi imeingia, mingapi imetumika leo. Watu wakiona hesabu hadharani maneno yanapungua, na mkitaka kuaga hamtaaga na tuhuma.

Saiti sasa

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penye madhara. Jengo la shule likidondoka linadondokea watoto.

Anza na tofali. Chukua mbili zigonganishe, tofali iliyoiva inalia kama chuma, mbichi inatoa sauti ya bubu. Nyingine idondoshe kutoka usawa wa kifua kwenye ardhi ngumu, ikivunjika vipande vipande, tofali zote za tanuri lile ziwekwe pembeni zikaguliwe. Wanakijiji watasikitika kwa sababu wamehangaika, waelezeni kwa upole, tofali dhaifu zinaweza kutumika kwenye kazi nyingine ndogo ndogo, sio ukuta unaobeba paa. Serikali ya Malawi pia imekuwa ikihimiza watu waachane na tofali za kuchoma kwa sababu misitu imeisha, na ukiangalia milima ya kule utaelewa. Kama mna uwezo wa kupata mashine ya tofali za kufungamana, zile za udongo na simenti kidogo zinazoshindiliwa bila kuchoma, fanyeni hivyo, halafu mashine ibaki kijijini vijana wafyatue wauze.

Mchanga upime. Chukua chupa ya maji ya uwazi, weka mchanga theluthi, jaza maji, tikisa, acha saa moja au mbili. Mchanga utakaa chini na tope litakaa juu yake kama tabaka. Tabaka la tope likiwa nene kuliko sehemu ya kumi ya mchanga, huo mchanga uoshwe au mkatafute kwingine mtoni. Ni kipimo cha bure na mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya, tena wafundisheni watoto, wanakipenda.

Zege la jamvi, yaani sakafu, na mkanda ni moja kwa mbili kwa nne, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, pimeni kwa ndoo au boksi maalumu, msipime kwa beleshi maana beleshi la asubuhi na beleshi la saa tisa mchana mtu amechoka hayafanani. Maji yasizidi. Vijana wanapenda zege laini kama uji kwa sababu linamiminika kirahisi, lakini maji yakizidi nguvu inapotea. Halafu mwagilieni siku saba, hii ndo sehemu inayosahauliwa kuliko zote, watu wakishamwaga wanapiga picha wanaenda kupumzika na jua la Karonga linakausha kila kitu kwa siku mbili, jamvi linapasuka. Andikeni zamu za kumwagilia, majina kabisa, asubuhi na jioni.

Mkanda wa juu msiuruke kwa sababu ya kubana matumizi. Karonga iko ndani ya bonde la ufa, Desemba 2009 matetemeko yalipiga mfululizo pale na nyumba nyingi za tofali zilizojengwa kwa tope bila mkanda zilianguka. Nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vyembamba vilivyokunjwa kuzishika hizo nondo) kila sentimita 20, mkanda uzunguke jengo lote bila kukatika, na kwenye kona nondo zikunjwe zipishane, zisiishie pale. Siku ya kumwaga mkanda ndo siku ambayo kijiji kizima kinatakiwa. Ilivyo ni hivi: alfajiri kinamama wanaleta maji, mstari wa ndoo unatoka kisimani hadi kwenye pipa, vijana wanachanganya zege chini, karai zinapanda mkono kwa mkono kwenye ngazi, fundi yupo juu anashindilia kwa kipande cha nondo ili zege liingie chini ya ringi zote, na nyimbo zinaimbwa mpaka kazi iishe. Lazima imalizike siku hiyo hiyo, ukimwaga nusu leo nusu kesho pale paliposhikana ndo patapasuka. Kwa hiyo simenti, mchanga, maji na watu wawe tayari kabla ya karai la kwanza kupanda. Mgeni asiye fundi siku hii ana kazi nyingi kweli za kufanya, aingie kwenye mstari.

Mkiwa mnamwaga, acheni nondo au waya mnene umezama kwenye mkanda na ncha zimetokeza juu kila mahali kenchi itakapokaa, baadaye zifunge kenchi kwa nguvu. Machi 2023 kimbunga Freddy kilipopiga kusini mwa Malawi, Blantyre na wilaya za jirani, shule ndo zilikuwa makambi ya watu waliokimbia nyumba zao. Shule ni mahali watu wanakimbilia, kwa hiyo paa lake lazima lishikamane na ukuta. Bati chukueni geji 28, kumbukeni namba ikiwa kubwa bati linakuwa jembamba, geji 32 linang'oka kirahisi na linapiga kelele wakati wa mvua mpaka mwalimu hasikiki.

Kuta ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na jioni lisiwachome watoto usoni. Mlango uwe na njia ya mteremko kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, ni zege kidogo sana ukilinganisha na jengo zima. Ukuta wa mbele upigwe lipu laini na rangi nyeusi ya ubao, upana wote.

Na usalama: viatu vigumu, ngazi zilizofungwa, watoto wasiingie saiti. Watoto wa shule watataka kubeba tofali na walimu wengine watawaruhusu, nyie kataeni kwa heshima. Kazi yao ni kusoma.

Vyoo na nyumba ya mwalimu

Darasa bila choo halijakamilika. Vyoo vya wasichana viwe mbali na vya wavulana, viwe na mlango unaofungwa kwa ndani, na chumba kimoja chenye maji cha kubadilishia wakati wa hedhi, maana msichana wa darasa la saba au la nane anakosa siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa hicho tu, na shule ya msingi yao inaenda mpaka la nane. Waulize kinamama wa kijiji, shule nyingi Malawi zina kikundi cha kinamama kinachofuatilia wasichana, hao ndo wakupangie choo kikae wapi. Kisima kama hakipo kitahitajika hata kwa zege lenyewe.

Nyumba ya mwalimu ndo inayomfanya mwalimu abaki. Mwalimu akipangwa kijiji kisicho na nyumba, atakaa mjini atakuja siku tatu kwa wiki, na mimi simlaumu. Kama hela inatosha kitu kimoja tu na shule ina madarasa mawili tayari, jadilianeni na kamati kama nyumba ya mwalimu isitangulie.

Kuishi na watu

Siku ya kwanza mnaenda kwa chifu, kabla ya saiti, kabla ya kuona darasa lolote. Mkafike mmevaa vizuri, dada zetu wafunge chitenje, ndo kitenge hicho hicho, na aliyewapeleka ndo aanze kuongea. Salamu ndefu msizikatishe, sisi tunazijua salamu, hapo hatuna shida. Mzee wa kiume mwite bambo, mama mwite mayi, bibi na babu ni agogo. Zikomo, yaani asante, iwe mdomoni muda wote.

Lile ziwa wao wanaliita Ziwa Malawi na sisi tunaliita Nyasa, na suala la mpaka ziwani bado halijaisha kati ya serikali zetu. Usilianzishe huo mjadala saiti wala kwenye kilabu. Umekuja kujenga.

Picha: usipige mtoto wa mtu akiwa amechanika nguo ukarusha mtandaoni kuomba michango. Piga mkanda, piga kenchi, piga fundi akiwa kazini kama amekubali. Wachangiaji wako wafundishe kufurahia picha ya nondo zilizofungwa vizuri, wanaelewa ukiwaelezea. Usiahidi kumsomesha mtoto yeyote, usigawe pipi na hela ndogo ndogo, na usikae na mtoto peke yenu sehemu iliyojificha hata kama nia yako ni safi. Ukitaka kusaidia wanafunzi ongea na mwalimu mkuu, zawadi iende shuleni, vitabu viwe vile vinavyotumika kwenye mtaala wa Malawi, sio mabegi ya vitabu vyetu vya Kiswahili.

Kukabidhi

Msikabidhi siku ya sherehe. Kabidhini wiki moja kabla, kimya kimya, mkitembea na mwalimu mkuu, kamati na mtu wa ofisi ya DEM, kitasa kwa kitasa, dirisha kwa dirisha, mkiandika kisichokaa sawa na nani atakirekebisha. Sherehe iwe ya kwao, hotuba zao, jina la ukutani liwe la shule, na kama lazima majina yawekwe basi yaanze ya mafundi.

Acheni kamati ina mfuko mdogo wa matengenezo, misumari ya bati, bati mbili tatu za akiba, rangi ya ubao, funguo za ziada ziwe kwa watu wawili tofauti. Michoro na orodha ya vifaa vilivyotumika ibaki shuleni na nakala wilayani. Fundi wa kijiji awe na namba yako na wewe uwe na yake, na mwezi wa Oktoba kabla mvua haijaanza mpigie, mwambie apande juu akague misumari na zile waya za kenchi, umtumie na hela ya siku yake. Mwaka unaofuata hivyo hivyo. Ukipata nafasi ya kwenda tena, nenda Februari wakati mvua imeshika kweli, uangalie maji yanapita wapi, msingi unaliwa upande gani na paa linavuja wapi, halafu Mei mkarekebishe.